Baraza la madiwani linampimaje Mkurugenzi wa Jiji ambaye halikumteua?

Diwani wa Muhula wa Kwanza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nilichaguliwa kuwa diwani katika uchaguzi wa Oktoba 2025, katika mojawapo ya majiji sita ya Tanzania Bara, na nimepangiwa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Tangu tulipoapishwa nimekuwa nikisoma makabrasha ya vikao ukurasa kwa ukurasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo jambo moja linavyozidi kunitatiza. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inalikabidhi baraza dhamana ya maendeleo ya jiji, na wananchi waliotupigia kura wanaamini kwamba sisi ndio tunaoamua soko lipi lijengwe, dampo lihamishiwe wapi na kiwanja kipi kibaki wazi kwa ajili ya watoto. Hata hivyo, mtendaji mkuu wa kutekeleza maamuzi hayo huteuliwa na Rais, anaweza kuhamishwa bila sisi kuulizwa, na ndiye katibu wa vikao vyetu, kwa maana kwamba taarifa tunayoitumia kumhoji imeandaliwa na ofisi yake mwenyewe.

Katika taarifa ya utekelezaji niliyoisoma hivi karibuni, mradi mmoja ulielezwa kuwa "unaendelea vizuri", na jedwali lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zake zimetumika. Nilipokwenda kuutazama nilikuta msingi na rundo la mchanga. Sisemi kwamba kuna wizi, kwa kuwa huenda fedha zilinunua vifaa vilivyo stoo. Ninachosema ni kwamba taarifa ile haikunipa njia yoyote ya kujua.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. La kwanza, sera ya maendeleo ya jiji huamuliwa wapi hasa, na baraza lina kauli kiasi gani ndani yake? La pili, je, kuna namna ya haki na ya kisheria ambayo baraza linaweza kumpima Mkurugenzi, au kazi yetu inaishia kupokea taarifa na kupiga makofi?

Mchumi Mstaafu:

Mheshimiwa Diwani, nilifanya kazi katika idara za mipango za halmashauri hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa meza ambako makabrasha hayo huandikwa.

Anza na ukweli ambao semina elekezi za madiwani huupita haraka: sehemu kubwa ya kitabu cha bajeti cha jiji haiamuliwi na baraza. Mishahara hutoka Hazina, ruzuku huja na masharti yake, ukomo wa bajeti hupangwa juu, na miradi mikubwa kama ile ya TACTIC, mradi wa miundombinu ya miji unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia, huwa imeshachorewa mipaka yake kabla ya kufika mezani kwenu. Barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya miji, tangu mwaka 2021 inakatwa mwananchi anaponunua umeme. Diwani anayemwandama Mkurugenzi kwa sababu ya shimo lililo katika barabara ya TARURA anapoteza muda wa kikao, na anampa Mkurugenzi nafasi ya kujibu kwa usahihi kabisa kwamba jambo hilo haliko mikononi mwake.

Maeneo ambayo baraza lina kauli ya kweli ni machache, na ndiyo sababu yanapaswa kushikwa kwa mikono miwili: mapato ya ndani, matumizi ya ardhi, na sheria ndogo. Kwa miaka mingi miongozo ya bajeti imezitaka halmashauri zipeleke katika miradi ya maendeleo asilimia 40 au 60 ya mapato yake ya ndani, kutegemea uwezo wa kila moja. Kuamua fungu hilo liende kwenye nini ndiyo sera ya maendeleo ya jiji, hata kama hakuna aliyeiandika kwa jina hilo. Ukitaka kuona nguvu ya ardhi, itazame Dodoma: CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji mkuu, ilipovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kuhamishiwa halmashauri, upimaji na uuzaji wa viwanja uliifanya halmashauri hiyo kuwa na mapato ya ndani ambayo haikuwahi kuyaota, na baraza likalazimika kujadili maswali ambayo mabaraza mengi hayajawahi kuyajadili kwa sababu hayakuwa na fedha za kuyajadilia. Mpango kabambe wa jiji lile, yaani mwongozo wa muda mrefu wa matumizi ya ardhi yake, wa mwaka 2019 hadi 2039 upo, na kila badiliko la matumizi ya kiwanja linapaswa kupimwa dhidi yake. Wewe uko katika kamati ya mipango miji. Mpango kabambe wa jiji lako ndiyo waraka wako wa kwanza, kabla ya kabrasha lolote.

Sasa nije kwenye tathmini, ambako nina mengi ya kusema.

Upimaji rasmi wa Mkurugenzi kama mtumishi wa umma hufanywa na walio juu yake, kwa mifumo ya utumishi iliyoanzia OPRAS mwaka 2004 na ambayo sasa imehamia kwenye kompyuta kwa jina la PEPMIS. Baraza halimjazii fomu hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba baraza hilohilo huketi kama mamlaka ya nidhamu na kuwafukuza kazi watumishi walio chini yake, lakini kwa yeye anayewasimamia linaweza tu kutoa azimio na kulipeleka juu. Nimekuwa nikiamini, na bado naamini, kwamba mpangilio huu unapaswa kubadilishwa, walau kwa kulipa baraza haki ya kutoa maoni ya maandishi kabla Mkurugenzi hajahamishwa au kupandishwa. Lakini hatuwezi kusubiri sheria ibadilike ndipo tuanze kufanya kazi iliyo ndani ya uwezo wetu.

Kazi hiyo ni kupima utekelezaji wa maazimio, na humo ndimo mabaraza yanamojinyima nguvu yenyewe. Fungua muhtasari wa kikao chochote, nenda kwenye ajenda ya yatokanayo, kisha usome safu ya utekelezaji. Utakuta maneno "limezingatiwa", "linaendelea kufanyiwa kazi", "ufuatiliaji unafanyika". Watu humlaumu Mkurugenzi kwa majibu hayo. Mimi niliyewahi kuyaandika nakwambia kwamba chanzo chake mara nyingi ni azimio lenyewe. Baraza likiagiza kwamba "usafi wa masoko uimarishwe", afisa ataandika "limezingatiwa" na hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha kwamba usafi haukuimarishwa. Baraza likiazimia kwamba taka ziondolewe katika masoko yaliyotajwa kila siku kabla ya saa moja asubuhi kuanzia tarehe fulani, kwa fedha za kifungu fulani, na kwamba taarifa ya robo ionyeshe siku ambazo gari halikufika na sababu yake, hapo neno "limezingatiwa" halina pa kujificha. Tathmini ya Mkurugenzi huanza siku azimio linapoandikwa. Baraza ambalo halikusema lilitaka nini, likifika mwisho wa mwaka litampima mtu kwa tabia yake: ni mpole, ni mkali, anapokea simu, hapokei.

Kuhusu mradi wako wa msingi na mchanga: asilimia ya fedha zilizotumika haikwambii kazi imefika wapi, na taarifa inayotaja moja bila nyingine haijakamilika. Dai safu zote mbili katika jedwali. Kabla ya ziara ya kamati, omba mchanganuo wa gharama za ujenzi na mkataba, ukae navyo siku kadhaa. Kamati nyingi hupanda gari la halmashauri, hupokewa na mhandisi aliyesimamia kazi, humsikiliza, hula chakula cha mchana na kurudi. Ziara ya namna hiyo hukagua ufasaha wa mhandisi tu.

Na usiridhike na hati safi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapotoa hati safi anasema kwamba hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Hasemi kwamba soko lilijengwa mahali ambapo wafanyabiashara wanapahitaji.

Mkazi wa Kisumu:

Nimesoma kwa makini kwa sababu sisi huku Kenya tumepewa karibu kile ambacho Mzee Mchumi anakitamani, na bado kazi ni ngumu.

Chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, jiji ambalo lenyewe si kaunti, kama Kisumu, huwa na bodi na meneja wa jiji. Nakuru iliingia katika mpango huo ilipopata hadhi ya jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024. Meneja hutafutwa kwa ushindani kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na anawajibika kwa bodi ya jiji katika kutekeleza maamuzi yake. Kwa maandishi, hayo ni mazuri kuliko enzi za makarani wa miji, walioletwa na serikali kuu na kuhamishwa nayo.

Tatizo letu liko kwingine. Wajumbe wa bodi hawachaguliwi na wakazi. Huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na bajeti ya jiji hupitia kaunti. Kwa hiyo meneja anaweza kupimwa na bodi kuhusu mpango jumuishi wa maendeleo ambao fedha zake ziko chini ya watu wengine. Ninyi mna madiwani waliochaguliwa na mkurugenzi wasiyemteua. Sisi tuna meneja aliyeajiriwa kwa ushindani na bodi ambayo hatukuichagua. Sheria yetu hata hivyo inataka kuwe na mabaraza ya wananchi, na pale yanapoitishwa kwa dhati nimeona meneja akijibu maswali magumu kuliko yale ya bodi. Mheshimiwa Diwani, mikutano ya mitaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo naelewa wewe ndiye mwenyekiti wake, inaweza kukupa ushahidi ambao ofisi ya Mkurugenzi haikuuandaa.

Mtanzania wa San Antonio:

Naishi Texas, katika jiji linaloongozwa na baraza na meneja tangu katiba ya jiji ya mwaka 1951. Mfumo huu ulianza Marekani mwaka 1908 katika mji mdogo wa Staunton, Virginia, na ukapata umaarufu baada ya Dayton, Ohio, kuukumbatia mwaka 1914, mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa kudhihirisha udhaifu wa utawala wa mji ule. Wazo lake ni rahisi: waliochaguliwa waamue jiji liende wapi, kisha waajiri mtaalamu wa kulipeleka huko, na wawe na uwezo wa kumwondoa.

Hapa baraza lina wajumbe 11, meya akiwa mmoja wao. Linapanga vipaumbele kabla ya bajeti, meneja analeta rasimu, linaibadilisha na kuipitisha, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba. Meneja hutathminiwa na baraza lenyewe. Sheria ya Texas ya mikutano ya wazi inaruhusu mjadala kuhusu mtumishi ufanyike faragha, isipokuwa mtumishi mwenyewe akitaka usikilizwe hadharani, lakini kura yoyote inayotokana na mjadala huo lazima ipigwe mbele ya umma. Utaratibu huo naupenda sana, kwa kuwa unamlinda mtu asidhalilishwe na wakati huohuo unawanyima wajumbe nafasi ya kuficha uamuzi wao.

Nisingependa mdhani kwamba kuwa na mamlaka ya kuajiri kunamaliza ugomvi. Kuanzia mwaka 2005 jiji hili liliongozwa na meneja Sheryl Sculley, na kwa vipimo vya fedha alifanya kazi nzuri sana, hata jiji likapata daraja la juu kabisa la kukopesheka. Lakini mshahara wake ulifika dola 475,000 kwa mwaka, na chama cha wazima moto, kilichokuwa na mgogoro wa muda mrefu na jiji kuhusu mkataba wake, kikapeleka suala hilo kwa wapiga kura. Novemba 2018 wakapitisha kwamba meneja ajaye asilipwe zaidi ya mara kumi ya mfanyakazi wa kima cha chini, na asikae zaidi ya miaka 8. Sculley akastaafu muda mfupi baadaye. Miaka sita ikapita, na Novemba 2024 wapiga kura walewale wakaliondoa sharti hilo na kulirudishia baraza uamuzi wa mshahara na muda. Katika uchaguzi huohuo, wapiga kura wa Dallas walikataa pendekezo ambalo lingeyafungamanisha malipo ya meneja wao, na hata kuondolewa kwake kazini, na matokeo ya kura ya maoni ya wakazi ya kila mwaka.

Ninavyoona mimi, jiji letu lilikuwa na vipimo vya fedha vilivyo wazi kupita kiasi, na vipimo vya maisha ya mfanyakazi wa chini vilivyo hafifu. Meneja alipimwa kwa kile kilichoandikwa, akafaulu, na bado nusu ya jiji ikahisi haikutendewa haki. Kwa hiyo naungana na Mzee kuhusu kuandika maazimio yanayopimika, lakini nataka niongeze tahadhari: lile linalopimwa ndilo litakalofanywa. Mkiandika kwamba kipimo cha mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni kiasi kilichotolewa, kitatolewa. Je, kitarejeshwa? Je, biashara zile zitakuwepo mwaka wa pili?

Aliyekuwa Mkuu wa Idara:

Nasikitika kwamba mjadala mzima unachukulia kuwa baraza ndilo lenye haki na Mkurugenzi ndiye mshukiwa. Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi watatu. Kati yao, mmoja alikuwa mzembe, na wawili walikuwa watu waliolala saa chache wakijaribu kulilinda jiji dhidi ya madiwani waliotaka zabuni za ndugu zao, au waliotaka kiwanja cha wazi kibadilishwe matumizi usiku mmoja. Kama ajira ya watu hao wawili ingekuwa mikononi mwa baraza, wasingemaliza mwaka. Uteuzi wa Rais una kasoro, nakubali, lakini ulikuwa ngao yao.

Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba mwaka 1996 baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa, na jiji likaendeshwa na Tume hadi mwaka 2000, chini ya Charles Keenja. Wakazi wengi hawakulililia baraza lile. Walisifu usafi na mpangilio uliorejea. Siungi mkono kuyaondoa mabaraza, kwa sababu jiji lisilo na wawakilishi halina wa kulisemea. Nasema tu kwamba mwananchi hupima huduma kwanza, na baraza lisilojipima lenyewe halina uzito wa kumpima mwingine. Mheshimiwa Diwani, katika hayo maazimio mtakayoandika, wekeni pia wajibu wenu: mahudhurio ya kamati, muda wa kupitisha sheria ndogo, na tamko la maslahi pale zabuni inapomgusa mjumbe.

Diwani wa Muhula wa Kwanza:

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu aliyesema nasi kwa uwazi kuhusu madiwani wenyewe. Nimeipokea hoja yake bila kinyongo, kwa kuwa shinikizo la kubadili matumizi ya viwanja nimeshaliona likianza, na limetoka upande wetu.

Niliyoelewa ni kwamba nisipoteze nguvu kwa yale yaliyo nje ya uwezo wa Mkurugenzi, na kwamba kikao cha bajeti ndicho cha kuandika tunachotaka. Nimeanza kuandaa hoja: kila mradi wa mapato ya ndani uwe na safu ya fedha iliyotumika na safu ya kazi iliyokamilika, jina la ofisi inayohusika na tarehe ya kumaliza, na kila badiliko la matumizi ya ardhi liambatane na ukurasa wa mpango kabambe linaougusa. Ninachohofia ni kwamba hoja hii itasomwa kama shambulio dhidi ya mtu. Niipeleke vipi?

Mchumi Mstaafu:

Ipitishe kwanza katika kamati yako, usiibebe peke yako hadi barazani. Hoja iliyotoka kamati ni ya kamati, na mwenyekiti wa kamati ndiye atakayeisimamia. Sehemu ya miradi ya mapato ya ndani omba ijadiliwe pia na Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Meya, la sivyo utaambiwa kamati yako imevuka mipaka.

Katika maandishi yake usimtaje Mkurugenzi kwa namna yoyote inayoonyesha lawama kwa yaliyopita. Elekeza kila kitu mbele, kuanzia Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Mkurugenzi mzuri ataipenda hoja yako, kwa kuwa itamsaidia kuwabana wakuu wa idara zake, na atakapohamishwa, mrithi wake atakuta jedwali linaloeleza kazi imefikia wapi. Nimeona wakurugenzi wapya wakitumia miezi yao ya kwanza kutafuta taarifa ambazo zilipaswa kuwa ukurasa mmoja.

Ongeza kifungu kimoja kinachohusu mwisho wa mwaka: kwamba baraza litapokea jedwali hilo likiwa na majibu ya kila azimio, litalijadili, na litatuma maoni yake kwa maandishi kwa Katibu Tawala wa Mkoa na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, yakiambatana na majibu ya Mkurugenzi mwenyewe. Hakuna sheria inayolikataza baraza kutuma maoni. Majibu yake yakiambatanishwa, hakuna atakayesema kwamba alihukumiwa bila kusikilizwa, na wale wanaompima rasmi watakuwa na karatasi ambayo leo hawana.

Zisome Kanuni za Kudumu za halmashauri yako ujue hoja inatakiwa kuwasilishwa siku ngapi kabla ya kikao. Utaikabidhi kwa katibu wa baraza, ambaye ni Mkurugenzi huyohuyo. Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi kwa maandishi, nenda ofisini kwake, mwonyeshe rasimu, na umwulize ni safu ipi kati ya hizo ambayo watu wake hawataweza kuijaza na kwa nini. Jibu lake kwa swali hilo liandike, ulifikishe kwenye kamati pamoja na hoja.